Mama Atachimenti na Milango ya Mafundi

Mji mzima wa Kakamega ulimwita Mama Atachimenti, na ofisi ya atachimenti ilikuwa yangu. Nianze hapo, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu. Mlangoni pangu palikuwa na kibao kilichoandikwa Afisa wa Uhusiano na Waajiri, na ndani mlikuwa na meza, kabati la chuma na viti vya wageni. Yeye alikuwa mwalimu wa ushonaji tu. Hakuwa na kibao wala kabati, na hakuna aliyemteua kuwatafutia vijana nafasi za kujifunza kazini. Lakini mwenye gereji akitaka mwanafunzi, alipita mlango wangu akiutazama, akavuka uwanja, akaenda kumuuliza yeye.

Wanafunzi wa chuo chetu cha ufundi hawaruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho kabla ya kukaa muhula mzima kazini, kwa fundi wa kweli mwenye wateja wa kweli. Hiyo ndiyo atachimenti. Anayekosa nafasi hurudi nyumbani kungoja, na wengi wakishaanza kungoja hawarudi tena. Mwaka huu aliyekosa ni binti yangu Khasandi, anayesomea umeme. Kama si Khasandi ningemwacha mwanamke huyu na sifa zake, maana anazo za kumtosha.

Alikuwa mrefu, mwenye sauti iliyofika kabla yake, na tepu ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata kanisani. Alitafuna njugu siku nzima na kuacha maganda kwenye meza za watu. Alikuwa akiazima mwavuli wangu kila msimu wa mvua, na kila msimu nilinunua mwingine. Wanafunzi aliwahubiria kuwahi kazini mpaka wakachoka, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika mkutanoni kabla ya maombi ya kufungua kwisha. Mkuu wa chuo alimngoja. Mimi nikichelewa niliandikiwa onyo.

Darasani alikuwa mkali kupita kiasi. Mshono ukipinda kidogo aliufumua mbele ya darasa zima, na nimeona wasichana wakubwa wakilia juu ya cherehani. Nilipomwambia kwamba mbinu hizo zimepitwa na wakati, alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, wacha walie hapa. Huko nje mteja halianga, anaendanga tu." Siku iliyofuata wasichana walewale walikuwa wakimbebea mkoba na kugombania kukaa karibu naye. Mimi sijawahi kumfumulia mtu mshono, nafundisha somo la mawasiliano, na mkoba wangu hakuna aliyewahi kuugusa.

Sasa niseme alivyofanya kazi, kwa sababu Mgala muue na haki yake mpe.

Akiingia karakana ya mtu, hakwenda kwa mwenyewe. Alimsalimu kwanza anayefagia. Kisha aliinama akawasalimu waliolala chini ya magari, akiwauliza habari za nyumbani na kama mvua imefika kwao. Kisha mama wa chai. Mwenye karakana alikuwa amesimama pale muda wote akifuta mikono, akijikohoza, akingoja zamu yake kwa mtu aliyekuja kumwomba yeye. Salamu ikimfikia mwishowe, alikuwa amelainika kabisa. Mimi nilimwendea mwenyewe moja kwa moja, nikamkabidhi barua yenye mhuri. Nilifunzwa kwamba hiyo ndiyo heshima, na bado sioni kosa langu liko wapi.

"Barua haina tumbo," alikuwa akisema. Alimaanisha kwamba barua haijawahi kula kwa mtu.

Hilo ndilo lililokuwa jambo lake kubwa. Hakukubali kijana yeyote aanze atachimenti kabla ya fundi kufika nyumbani kwa kijana huyo, mchana, akaketi na wazazi, akala. Wazazi walichinja ingokho kama walikuwa nayo, kwa kuwa huku kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku huhesabiwa mpita njia. Wakati wa kula, mzazi mwenyewe ndiye aliyeomba. Alisema kwa kinywa chake, "Huyu ni mtoto wetu, tunaomba umfundishe." Fundi akishanawa mikono na kuitika, basi. Mtu aliyekula kwenu hawezi kumgeuza mtoto wenu kuwa mtu wa kutumwa mandazi na kuosha magari mpaka muhula uishe.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikamwambia hiyo ni hongo. Mkuu alimwita, akamuuliza mbele yangu.

"Hongo inapelekwanga kwa mtu, tena gizani," alijibu, huku akimenya njugu. "Huyu anakuja mwenyewe saa saba mchana, majirani wakimwona. Na pale hakuna kuku je? Kuna mwenye alikula ugali, obusuma tu, na mboga ya kunde, akashukuru. Si kuku, mkuu. Ni jiko. Mtu akijua jiko la kwenu, atakuona."

Mkuu alicheka, akasema tungoje tuone. Tulingoja, tukaona, nami ndiye niliyeandika ripoti ya kuwasifu waajiri waliojitokeza kwa wingi mwaka ule. Ripoti zote niliziandika mimi, maana yeye hakuweza kuandika ukurasa mmoja bila kuhama kutoka habari moja hadi nyingine. Mkuu alizisoma mkutanoni, kisha akamgeukia yeye na kumpongeza. Wivu ni dhambi, nimehubiriwa hivyo tangu utotoni, lakini anayehubiri hajawahi kuandika ripoti ya sifa za mtu mwingine kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kulikuwa na fundi mmoja wa magari aliyejulikana kwa matusi. Vijana wawili walikuwa wamemkimbia kabla ya muhula kufika katikati. Mama Atachimenti alimchukua mtu huyo kwa pikipiki mpaka ndani ya mashamba ya miwa, nyumbani kwa mkata miwa ambaye mwanawe alitaka kujifunza injini. Sikuwapo, lakini kijana alinisimulia. Alisema baba yake alikuwa amerudi shambani na masizi ya miwa iliyochomwa usoni, akanawa haraka, akashindwa kusema lile ombi, akabaki ameshika mkono wa yule fundi tu. "Madam hakumsaidia, ticha," kijana aliniambia. "Alikaa tu kimya akiangalia nje. Mpaka mzee akasema." Nilimuuliza kama yule fundi hakuendelea kumtukana. Akasema alimtukana sana, lakini kila tusi lilikuja pamoja na spana na maelezo ya mahali inapofungwa.

Nilimwonea wivu kwa ukimya ule zaidi ya kitu kingine. Mimi ningemsaidia mzee kusema, ningesema mimi, tena vizuri.

Siku moja niliamua kumwiga, kwani ni nani aliyeandika kwamba kuku ni wa mtu mmoja? Nilimpata mwenye duka la mabomba, mtu mzito, mpole, na nikamshawishi aje Shirere nyumbani kwa mwanafunzi wetu wa ufundi bomba. Mama wa kijana alipika vizuri kuliko nilivyotarajia. Nami niliona ni nafasi nzuri ya kumweleza mgeni mpango wote wa mafunzo, malengo yake na faida kwa mwajiri. Nilizungumza kwa ufasaha. Mama wa watu, kwa kumheshimu mwalimu wa mtoto wake, akaweka firigisi kwenye sahani yangu. Kila Mluhya anajua kwamba mgeni ambaye hakupewa imondo, yaani firigisi, hajala kuku, hata akila mapaja yote mawili. Mimi pia najua. Lakini nilikuwa nimefika kwenye malengo ya mafunzo, na mkono ulikwenda kinywani wenyewe.

Mwenye duka alitazama sahani yangu, kisha akatazama yake. Alinawa mapema. Pale mlangoni aliniambia kwa upole, "Mwalimu, chuo yenu iko sawa. Naona wewe umeshiba." Nafasi haikupatikana.

Habari ilifika chuoni kabla yangu. Mama Atachimenti alicheka mpaka akashika ukuta. "Ulikula imondo ya mwenyewe! Woi, mwalimu! Ukitafuna ulikuwa unamwangalia?" Walimu wote walicheka. Kisha akafunga mkoba wake, akaenda dukani kwa yule mtu, sijui alimwambia nini, na wiki iliyofuata kijana wa Shirere alikuwa akibeba mabomba nyuma ya gari la duka lile akiwa na ovaroli. Mama yake alipokuja kushukuru chuoni, alinisalimu kwa adabu na kunipita. Nilisimama mlangoni pangu, chini ya kibao changu, nikamtazama akivuka uwanja.

Msidhani alikuwa malaika. Alipenda sifa kama mtoto anavyopenda sukari. Alisimulia ushindi wake mara nyingi, na kila mara ulikuwa umenenepa. Pia yeye mwenyewe hakula kuku hata kidogo. Alilelewa enzi ambazo wanawake walikatazwa, na ingawa sasa kila mtu anakula, aliendelea kuirudisha sahani akisema tumbo lake halijui kusoma magazeti. Aliwapangia watu kuku kote kauntini, naye akala ugali na mchuzi wa mboga pembeni. Nilipenda kumtajia jambo hilo mbele za watu, lakini yeye alicheka kuliko wote.

Na kama alijua kupeleka, alijua kurudisha. Msichana wake mmoja wa ushonaji alipokelewa na mwenye duka la nguo mjini, ambaye alikula kwao, akaitika vizuri. Baada ya muda ikajulikana kwamba msichana hagusi cherehani, kazi yake ni kumlea mtoto wa mwenye duka. Mimi nilikuwa tayari kuandika barua ya malalamiko. Yeye alimchukua mama wa msichana na shangazi yake, wakavaa nguo za kanisani, wakaenda dukani wateja wakiwa wamejaa, wakaketi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mwenye duka. Alisema, "Tumekuja kuchukua mtoto wetu. Tulimleta ashone, tumempata amebeba mtoto wako." Wakamchukua, wakatoka naye mbele ya watu wote, kama vile binti anavyorudishwa kwao ndoa ikimtesa. Mwenye duka aliwafuata hadi barabarani akiomba msamaha. Tangu siku hiyo hakuna fundi aliyethubutu kucheza na mtoto aliyeletwa na Mama Atachimenti.

Alipostaafu, waajiri walikuja kwenye sherehe bila kualikwa, wengine na ovaroli zao za kazi. Mimi nilipewa kazi ya kusoma hotuba ya kumuaga. Niliisoma vizuri. Walipiga makofi kila nilipotaja jina lake, na nilipoketi nilihesabu moyoni kwamba sasa, angalau, ofisi itakuwa ofisi. Alirudi kwao Matete, akaweka cherehani kwenye baraza ya duka moja pale sokoni, akawa anashona sare za shule.

Lakini ofisi haikuwa ofisi. Nilienda kwa mafundi na barua, wao wakauliza, "Mama ako wapi siku hizi?" Wengine walichukua wanafunzi kwa heshima ya chuo, wakawaacha wafagie. Wengine waliniambia watapiga simu. Nilivumilia, kwa sababu walikuwa watoto wa wengine, na wizara haikuuliza wanafunzi wamejifunza nini, iliuliza wameenda wapi.

Kisha ikawa zamu ya Khasandi.

Khasandi anapenda umeme tangu akiwa mdogo, na anapanda ngazi bila kutetemeka. Nilizipeleka barua zake mwenyewe, nikazunguka kwa wakandarasi wa umeme wa mji mzima. Mmoja alisema, "Msichana? Juu ya paa?" Mwingine alisema hana ovaroli ndogo. Mwingine, wa Amalemba, mwenye kazi nzuri kuliko wote, aliisoma barua yangu yote, akaikunja, akaniuliza kama nina jingine la kusema. Nikamwambia yote yamo ndani. Akasema sawa.

Wenzake Khasandi wakaenda kazini. Yeye kila asubuhi alivaa ovaroli yake ya buluu, akanywa chai nayo, akakaa nayo sebuleni mpaka adhuhuri, kisha akaivua. Mke wangu aliniambia, "Nenda Matete." Nilimwambia afadhali mtoto arudie mwaka. Nilimaanisha hivyo, usiku na mchana, mpaka asubuhi moja nilipomkuta Khasandi ameketi pale na ovaroli ameikunja mapajani, hajaivaa.

Nilifika Matete karibu na saa sita. Alikuwa barazani, mguu ukikanyaga cherehani, maganda ya njugu yamezagaa chini.

"Mulembe, mwalimu."

"Mulembe, Madam."

Alinivutia kiti, akaendelea kushona. Nilingoja aniulize nimekuja kwa nini. Hakuuliza. Nilimweleza habari za chuo, za mkuu mpya, za mvua na bei ya mahindi. Alisema, ehe. Nilimweleza kwamba walimu wanamkumbuka. Alisema, ehe. Aliuliza kama watoto ni wazima, nikajibu ni wazima, tunamshukuru Mungu. Alikata uzi kwa meno. Nilikaa hadi maneno yakaniishia, kisha nikasimama nikasema basi, nilikuwa napita tu, nimeona nimsalimu.

"Mwalimu, kaa," alisema. "Khasandi alikujanga hapa."

Niliketi. "Lini?"

"Kila Jumapili, kanisa ikiisha. Tangu mvua zianze."

Nyumbani Khasandi alituambia anabaki kwa mazoezi ya kwaya.

"Ulimtafutia mahali?"

"Nilimpatia. Huyo wa Amalemba. Nilienda na mtoto, akamwona kwa ngazi, akampenda sana. Hata alitaka aanze kesho yake."

Damu ilinipanda. "Sasa kwa nini hajaanza? Mtoto amekaa nyumbani wiki zote hizi, wewe una nafasi yake umeikalia?"

Hakukasirika. Aligeuza sare aliyokuwa akishona, akaitazama upande wa ndani. "Aliniuliza, baba yake ako? Nikasema ako. Akasema, basi nitangoja baba. Mimi ndiye nilimfundisha hivyo, mwalimu, nitamwambia nini? Mtoto yatima nitamwombea. Mtoto mwenye baba haombewangi na jirani."

"Si nilimpelekea barua!"

"Aliniambia. Alisema alikuuliza kama uko na ingine ya kusema."

Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja:

"Mimi nilitaka kukupigia simu. Khasandi alikataa. Alisema, 'Baba akiambiwa atakuja kwa ajili ya hasira. Akija mwenyewe, atakuwa amekuja kwa ajili yangu.' Akasema atangoja."

Nilitazama barabara. Nilijaribu kufikiria mtoto wangu akisema maneno hayo kwenye baraza hii, Jumapili baada ya Jumapili, akinitetea na kunisubiri, huku mimi nikimwambia mama yake afadhali arudie mwaka.

"Sasa umekuja," alisema. "Sema."

"Unajua nilichokuja kusema."

"Najua. Sema."

Akanyamaza, akageuza uso, akatazama sokoni. Nilijua sasa yule mkata miwa alijisikiaje. Nilikuwa na maneno mengi, ndiyo kazi yangu, na hakuna hata moja lililokuja. Nilishika ukingo wa cherehani yake.

"Khasandi ni mtoto wangu," nilisema, kisha nikaanza upya. "Ni mtoto wangu. Naomba afundishwe. Madam, naomba."

"Haya," alisema. Aliifunika cherehani, akavaa viatu, akamwita mwenye duka amwangalizie vitu. "Twende Amalemba, hajafunga. Hapo utasema tena hivyo hivyo, usiongeze. Na umpigie mama Khasandi simu, aanze kutafuta kuku."

Alitangulia akisalimia watu, nami nikafuata nikiwa nimebeba mkoba wake. Nilikuwa na furaha, na shukrani nilikuwa nayo, sitasema uongo. Lakini sijawahi kumwonea wivu mtu kama nilivyomwonea njiani siku ile. Milango ya mafundi nilikuwa tayari nimemwachia. Lakini zile Jumapili za Khasandi zilipaswa kuwa zangu.